Vitepe Kumi na Kimoja

Sentensi iliyonitia wazimu ilikuwa fupi, na ilikaa ukurasa wa nne wa rasimu ya ripoti. Ilisema kwamba mkusanyaji wa sampuli kule kisiwani kwetu alijaza mifuko yote kutoka kamba moja ya mwani, kisha akaiandika kana kwamba imetoka mashamba mbalimbali. Hawakumtaja. Hawakuwa na haja ya kumtaja, maana mkusanyaji alikuwa mmoja tu, naye ni mama yangu mdogo, aliyenilea tangu nina miaka sita. Niliisoma asubuhi ya Jumatatu, maabara kwetu Masoro, Kigali, nimesimama kwenye dirisha linalotazama mabohari, kikombe cha chai mkononi. Chai ilipoa palepale. Mwongo, ndivyo walivyomwita, ila kwa lugha ya watu waliosoma.

Na haikuishia kwenye jina lake. Chini ya sentensi hiyo kulikuwa na pendekezo: kikundi cha wanawake anachokiongoza kiondolewe kwenye mpango wa kitalu cha mbegu, na mbegu zitafutwe kwingine. Kitalu kile wanawake wale wamekisubiri miaka. Bahari imewapandia joto, mwani unaoza kwenye kamba kabla ya kukomaa, na walichokuwa wakikiomba ni sehemu moja tu ya kutunzia mbegu nzuri ili mwaka mbaya ukija wasianze na mikono mitupu. Sasa mtu mmoja, kwa sentensi moja, alikuwa anawafungia mlango.

Niseme kwanza nilifikaje Kigali na mwani, maana watu wa huku hawaachi kuniuliza. Rwanda haina bahari. Ina milima, ina maziwa, ina mvua, lakini bahari haina, na kila nikisema kazi yangu ni mwani, mtu hunitazama kama nimesema nafuga nyangumi kwenye stendi ya mabasi ya Nyabugogo. Mwenye nyumba wangu wa Biryogo, mtaa ninaokaa, mama mtu mzima, fundi wa nguo, siku ya kwanza aliuliza: "Hiyo mwani iko mboga?" Nikamwambia ni mmea wa baharini, unakaushwa, unapelekwa viwandani, unatiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu ili vishikamane. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sasa kama iko ya bahari, inafanya nini huku kwetu, mwana?"

Jibu ni kwamba mashine ziko huku. Mradi ulikodi maabara Masoro, ghorofa ya juu, kati ya kiwanda na maghala, na mimi niliyesomea vinasaba nikaajiriwa kwa sababu mbili: nina shahada, na kwetu ni kwenye mwani. Sababu ya pili mkuu wa mradi aliipenda sana siku ya usaili. Aliniambia mimi ni daraja. Nilifurahi, mjinga mimi, sikufikiri kwamba daraja hukanyagwa.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza alama za vinasaba. Mwani mwekundu unaolimwa kwetu haupandwi kwa punje. Mwanamke anavunja ncha, anaifunga kwenye kamba, na baada ya wiki kadhaa ile ncha imekuwa kichaka. Anavuna, anavunja ncha nyingine, anafunga tena. Hicho wanachokiita mbegu ni kipande cha mmea uleule. Kwa macho huwezi kujua kama mwani wa shamba hili na wa shamba lile ni ndugu, ni mapacha, au hawajuani, kwa sababu mmea mmoja ukikaa kwenye maji ya kina unakuwa na rangi hii, ukikaa juani unakuwa na rangi ile. Ndipo zinapokuja alama. Ni sehemu fupi ndani ya vinasaba ambazo mmea na mmea hutofautiana urefu. Unatengeneza kijidawa kinachoishika sehemu hiyo kwa kushoto na kulia, mashine inaizidisha, na kwenye karatasi ya matokeo unaona mistari. Mistari ikilingana, mimea inalingana. Ikitofautiana, una aina mbili.

Nilihangaika na alama zile zaidi ya mwaka. Nyingi hazikufanya kazi. Tulizitengeneza kutokana na mwani mmoja wa kulimwa, ule wa asili ya Asia ambao mabibi zetu waliletewa na wanunuzi, na kila alama iliyokubali nilishangilia peke yangu maabara mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Kisha zikaja sampuli za mama mdogo. Mifuko kumi na mmoja, kila mmoja na ncha ya mwani iliyokaushwa kwenye chembechembe za kunyonya unyevu, na karatasi yenye mwandiko wake wa herufi kubwa: jina la mwenye shamba, kina cha maji, jina wanaloliita wao. Mwenyewe alitembea mashamba kumi na moja kwenye maji ya kupwa, kiunoni kafunga kikapu. Na kila ncha ilikuwa imezungushiwa kitepe, kitambaa chembamba kilichochanwa, kimechujuka kwa chumvi na jua mpaka rangi zote zimekuwa kama maji ya kuoshea mchele.

Siku alipozituma alinipigia. Alisema, "Nimefunga kama tunavyofunga siku hizi, mwanangu. Utaona mwenyewe." Nami nilikuwa nimebana simu kwa bega, naandika kitu kingine, nikajibu, "Sawa, mama mdogo, sawa." Sikumuuliza wanafungaje siku hizi. Niliondoka kijijini kwenda shule ya bweni nina miaka kumi na minne, na nilidhani ninajua kila kinachofungwa kwenye kamba ya mwani.

Utaratibu wa maabara unasema sampuli isafishwe, kila kisicho mmea kiondolewe. Nikachukua mkasi mdogo. Nilivikata vitepe kumi na kimoja, kimoja kimoja, nikavitia mfuko wa koti langu jeupe kwa sababu pipa lilikuwa mbali.

Matokeo yalitoka hivi. Sampuli kumi zilikuwa sawasawa, mstari kwa mstari, kwa kila alama. Ya kumi na moja haikuonyesha kitu. Nilirudia mara tatu, karatasi tupu. Kwa lugha yetu ya maabara sampuli ya namna hiyo ni mbovu: imeoza njiani, vinasaba vimekatikakatika, basi. Nikaandika "mbovu" kwenye jedwali. Nikalipiga picha jedwali hilo nikamtumia mama mdogo, maana nilimwahidi kwamba wao watakuwa wa kwanza kuona matokeo. Niliona nimefanya jambo la heshima.

Wiki mbili baadaye ndiyo ikaja ile rasimu.

Nilimfuata mkuu ofisini kwake. Ni mtu mpole, na upole wake ndio unaochosha, maana huwezi kumgombeza mtu anayekukaribisha kiti. Nikamwambia mama yangu mdogo hawezi kufanya jambo kama lile. Akasema anaelewa kwamba ni familia. Nikamwambia sizungumzii familia, nazungumzia mtu aliyetembea kwenye maji kwa siku nne. Akageuza kompyuta yake nione.

"Mashamba kumi, kijiji hadi kijiji, na mmea ni mmoja," alisema. "Mtu amechoka, jua kali, kamba iko karibu. Simlaumu. Lakini siwezi kumpa kitalu."

Simlaumu! Amemwandika kwamba amedanganya, amewanyima wanawake wote kitalu, halafu anajisikia mwema kwa sababu halaumu. Nilitaka kumwuliza kama yeye amewahi kusimama kwenye maji ya chumvi tangu asubuhi, vidole vimechanika kwa kamba. Sikuuliza. Nilisema nitaangalia data tena, nikatoka, nikajichukia njia nzima ya kurudi Biryogo juu ya moto, ndivyo huku wanavyoiita pikipiki ya abiria, kofia ya kuazima ya dereva ikininuka puani.

Jumamosi ile ilikuwa ya umuganda, siku ya mwezi ya kazi ya pamoja mitaani. Asubuhi tulifagia mtaro na majirani, tukarudi, mwenye nyumba wangu akaketi barazani na cherehani yake. Nilikuwa nimempa koti langu la maabara alishone mfuko uliochanika. Alitia mkono mfukoni, akatoa vile vitepe, akavimwaga mapajani.

"Hii takataka nitupe?"

"Tupa, mama."

Hakutupa. Watu wa cherehani hawatupi kitambaa kabla ya kukishika. Alikipitisha kimoja kati ya kidole gumba na cha shahada, akachukua kingine, akavaa miwani yake, akavikunjua vyote kwenye ubao wa cherehani kwa mstari.

"Oya, hapana," alisema polepole. "Hii kumi iko ya kanga moja. Angalia. Uzi moja, na hapa iko alama ya pindo, na hii ingine inaendelea hapohapo." Akavisogeza viwili vikakutana, na kweli, kivuli cha ua lililochujuka kikaunganika. "Mtu alichana kanga moja, akagawa. Hii moja peke yake, hapana. Hii iko ya nguo ingine kabisa, uzi yake iko nzito."

Nikauliza kama ana hakika. Akanitazama kwa dharau ya fundi.

"Babu yangu alikuja huku na mizigo ya nguo kutoka pwani. Mimi nimeshika kanga kabla sijashika kijiko, sha. Wewe umesoma, unauliza mimi kama hii iko nguo moja?"

Nilikaa chini kwenye ngazi. Kumi na kimoja. Kumi sawasawa, na kimoja peke yake. Niliijua hesabu hiyo, nilikuwa nayo kwenye jedwali.

Nilimpigia mama mdogo palepale. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu yake, maji yalikuwa yanatoka naye anawahi shambani.

"Shikamoo, mama mdogo. Vile vitepe ulivyofungia mwani ni vya nini?"

"Marahaba. Si nilikwambia? Ndivyo tunavyofunga." Akanieleza kwa haraka, anatembea. Mwaka ule maji yalipochemka, mbegu ilikufa vijiji vyote vya jirani. Bibi mmoja tu alibakiwa na kamba hai, kwenye mfereji wa maji ya baridi. Wanawake wakamwendea, naye akampa kila mmoja fungu, na kila fungu akalifunga kitepe cha kanga yake aliyoichana, ili isije siku mtu akasahau mbegu yake imetoka kwa nani. Kitepe hicho hukaa kichwa cha kamba. Ukimpa mwenzio mbegu, unamkatia na kitepe. "Kwa hivyo zile kumi mama yao mmoja. Nimekufungia makusudi ujue. Hukuona?"

"Na ile ya kumi na moja?"

"Ile yangu miye. Niliiona imeshika mwambani kule nje, mwaka uleule, wenzie wote wamekufa yeye mzima. Nikaichuma, nikaifunga kwa doti langu la zamani. Haya, maji yananiacha, tutazungumza."

Alikuwa ameniambia kila kitu. Alikuwa ameandika ukweli wote wa zile sampuli, mstari kwa mstari, kabla mashine yangu haijawashwa, na aliyechukua mkasi akaukata ni mimi. Halafu ndiye anayeitwa mwongo! Nilisikia hasira, na safari hii nusu yake haikuwa na pa kwenda ila kwangu.

Jumatatu niliingia Masoro kabla ya watu. Nilitaka kujua kitu kimoja: ile ya kumi na moja imeoza kweli, au alama zetu ndizo haziijui? Maana alama inashika mahali inapopatambua tu. Tulizitengeneza kwa mmea mmoja wa Asia. Ukileta mmea wa nasaba nyingine, vile vijidawa havioni pa kushika, na karatasi inatoka tupu. Ni kama kwenda mtaani kumtafuta mtu kwa kuuliza mlango wa kijani. Usipouona mlango wa kijani huwezi kusema mtu huyo amekufa.

Nikachukua kipande cha kinasaba ambacho mwani mwekundu wote unacho, wa Asia na wa kwetu, nikakisoma kwenye sampuli ya kumi na moja. Kilitoka safi. Herufi baada ya herufi, bila doa, safi kuliko zile kumi. Na hakikulingana nazo. Ilikuwa nasaba nyingine, iliyokuwa ikiishi kwenye mwamba wa kwetu siku zote wakati sisi tunaagiza mbegu ng'ambo.

Sampuli haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa ndiyo pekee yenye jambo la kusema, nasi tukaitupa kwa sababu haikujibu maswali tuliyoyatunga kwa ajili ya wengine.

Nilimpelekea mkuu karatasi, na vitepe nimevibandika kwenye kadi kwa mpangilio. Alivitazama vitepe kwa adabu akasema kitambaa si ushahidi. Alipoona matokeo ya kinasaba, uso ulibadilika. Alisimama. Akaanza kuzungumza juu ya aina mpya, juu ya makala, juu ya mwani unaostahimili joto, akitembea ofisini huku na huku.

"Na ile sentensi?" nikauliza.

"Ipi?"

"Ya mkusanyaji."

"Ah, tutaifuta," alisema, akipunga mkono kama anafukuza nzi. "Na kikundi kirudi kwenye kitalu, bila shaka. Mwambie anitumie ya kumi na moja mbichi, nyingi, haraka iwezekanavyo."

Tutaifuta, basi. Hakuna samahani, hakuna hata "nilikosea". Mtu anapakwa matope, halafu matope yanafutwa kimyakimya, na aliyepakwa hata hakujulishwa kwamba alikuwa mchafu. Nilitamani kupiga meza. Lakini kitalu kilikuwa kimerudi, na nilijiambia kwanza nimpe mama mdogo habari njema, hasira nitazimaliza baadaye.

Nilimpigia nikiwa kwenye ngazi za jengo, malori yakipita chini. Nikamwambia yote, na lile la kuitwa mwongo pia, maana niliona hafai kufichwa. Akacheka, kicheko kifupi. "Wamesema hivyo? Haya." Nikamwambia kitalu ni chao. Akasema alhamdulillahi. Nikamwambia ile mbegu yake ya mwambani haina mfano, watu wa huku wamesimama kwa ajili yake, atume mbichi kesho.



"Mwanangu," alisema, "si uliniletea karatasi kwamba ile mbovu?"

Nikasema ndiyo, niliituma.

"Nikasema, mwanangu amesoma, ana mashine, kaona ugonjwa ndani ambao miye siuoni. Nikaogopa itaambukiza za wenzangu. Niliing'oa siku ileile. Kamba zote tatu. Niliianika na mwengine, gari la mnunuzi likachukua."

"Yote, mama mdogo?"

"Yote. Hata kitepe nilikifungua."

"Hukumkatia mtu mbegu? Hata mmoja?"

"Nilikuwa nangoja kitalu," alisema.

Nilikaa chini kwenye ngazi za Masoro na suruali yangu ya kazi, watu wakinipita. Miaka yote ile joto halikuiua. Maji yalichemka, haikufa. Niliiua mimi kutoka kwenye nchi isiyo na bahari, kwa neno moja kwenye jedwali, na yeye aliniamini kwa sababu ndiye aliyenifunga ushungi wa shule na kunipeleka nisome.

Nilianza kumwambia kwamba kosa ni langu, kwamba vitepe nilivikata mimi na lile neno nililiandika mimi. Hakuniacha nimalize.

"Usiwaambie hivyo," alisema. "Watakufukuza. Sema miye ndiye niliyekosea, niliing'oa kwa ujinga wangu. Miye si wameshanisema mwongo? Hakuna kitakachonipungua."

Hapo ndipo nilipolia.

Sasa anatembea mwambani kila bamvu la maji, bahari inapokupwa mbali kabisa, akitafuta kama kuna nyingine iliyoshika mahali. Hajaiona. Kwenye friji ya maabara kuna ncha yake moja, kavu, ndefu kama kidole changu cha mwisho, na kavu haioti. Kitepe chake nilikibandua kwenye kadi, sasa kiko kwa mwenye nyumba wangu, amekishikiza kwa pini ukutani juu ya cherehani, na mteja akikigusa anagombezwa.

Ile sentensi ya ukurasa wa nne waliifuta kweli. Mahali pake niliandika nyingine, kwa jina langu. Inasema kwamba sampuli ya kumi na moja ilikuwa nzima, kwamba mkusanyaji aliiwekea kila sampuli alama ya asili yake kabla haijafika kwetu, na kwamba alama hizo zilikatwa kwa mkasi maabara, na mimi. Mkuu ameniomba mara mbili niiondoe, kwa upole, akinikaribisha kiti. Nimesimama mara zote mbili, na sentensi iko palepale.